Swali Ambalo Sikumuuliza Mzee Kamugisha

Fomu yetu ilikuwa na maswali arobaini na mawili, na kwa mwaka mzima na zaidi mimi nilikuwa nauliza arobaini na moja. Sikuwa mvivu. Anayenijua anajua kwamba nauliza mpaka watu wanakereka: choo kimekuwaje, unakoroma, ukipanda ngazi za daraja la mwendokasi unasimama mara ngapi kupumua. Mama mmoja wa Manzese aliwahi kuniambia, "Sista, hata mume wangu hayajui haya unayoniuliza." Nilicheka, nikaandika. Ila swali la ishirini na tisa nilikuwa na namna yangu ya kulimaliza, na namna hiyo nusura initoe kazini.

Ulikuwa utafiti wa ile sindano ya kupunguza uzito, inayochomwa tumboni mara moja kwa wiki. Kwamba inapunguza uzito hilo lilishajulikana. Sisi tulitaka kujua inafanya nini kwingine mwilini: kwenye moyo, figo, ini, magoti, usingizi. Tulikuwa na watu sitini, wote wazito, wengi wana kisukari, na tuliwafuatilia miezi kumi na minane. Kliniki ilikuwa Manzese, ghorofa ya kwanza, chini yetu wanachomelea mageti, kwa hiyo nilizoea kuulizia habari za matumbo ya watu kwa kupayuka. Mkuu wa utafiti alikuwa Dokta Salsabil, binti wa familia ya wenye maduka kule Kawe, mwanamke wa sauti ya chini na asiyecheka na karatasi. Mimi Bupe nilikuwa muuguzi wa mahojiano.

Swali la ishirini na tisa lilisema: Kwa wiki, unakunywa pombe kiasi gani? Vijana niliwauliza bila taabu, wengine wakanijibu kwa majigambo. Wazee ndio walionishinda. Mtu amekuzidi miaka ishirini, umempa shikamoo umepiga goti, amekuitikia marahaba mwanangu, halafu umkazie macho umuulize anakunywa chupa ngapi? Nilivyolelewa mimi, ukishamuuliza mzee hivyo umeshamtuhumu. Basi nilikuwa natabasamu, naandika "Hatumii", tunahamia swali la thelathini, la magoti.

Wa kwanza kuandikiwa hivyo alikuwa Mzee Erasmus Kamugisha wa Kimara, karani mstaafu, mzaliwa wa Bukoba, mzee wa kanisa katika usharika wetu. Siku alipoanza alikuwa na kilo mia moja ishirini na nne. Mama yangu alipofariki, ni yeye aliyesimamia msiba siku nne, akatafuta gari la kumsafirisha mpaka Tukuyu, akapanda naye mbele na dereva kwa sababu alisema mama hawezi kwenda kwao peke yake. Mtu huyo ndiye nimuulize habari za pombe? Kalamu yangu ilijibu kabla sijafikiri.

Miezi ikaenda. Mzee akapungua mpaka watu wa Kimara wakaanza kumuuliza mke wake kwa huruma kama anaumwa, maana kwetu mzee akikonda watu wanaanza kuulizana pembeni. Akafika kilo mia na moja. Sukari ikatulia, shinikizo la damu likatulia. Ila kilichomshangaza Dokta Salsabil ni ini lake. Mwanzoni vipimo vyake vya ini vilikuwa vibaya kupita wenzake wote, na sasa vilikuwa vimeshuka kupita wote.

"Mafuta kwenye ini yamepungua, sawa," alisema siku moja ameshika jalada. "Lakini siyo kiasi hiki. Huyu hanywi, eti?"

"Hanywi, Dokta. Ni mzee wa kanisa."

"Sijakuuliza cheo chake."

"Hanywi," nikasema, na nilisema kwa ujasiri kwa sababu nilikuwa naamini.

Zikiwa zimebaki wiki tatu utafiti uishe, siku ya Jumanne asubuhi, Mama Praygod alipanda ngazi zetu peke yake. Ndiye mke wa Mzee Kamugisha. Nikamwamkia, nikamletea maji, akayaweka pembeni bila kuyagusa. Alisubiri mafundi wa chini wanyamaze kidogo.

"Bupe mwanangu, hizo sindano za Baba Praygod zimebaki ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Basi ndoa yangu imebakiza siku ishirini na moja."

Nilidhani anatania. Mama Praygod ana utani mkavu, kanisani anaweza kukuvunja mbavu katikati ya matangazo. Nikamtazama, nikaona midomo inamtetemeka.

"Mwenzangu alikuwaga analewa," akasema. "Miaka ishirini na sita. Siyo ulevi wa kelele, wala hajawahi kuninyooshea mkono. Ni wa kimyakimya, kuanzia asubuhi. Ile chupa yake ya chai, si unaijua? Anayotembea nayo mpaka kwenye vikao vya wazee wa kanisa?"

Ninaijua. Ya rangi ya udongo, ina kifuniko kinachogeuka kikombe. Mara ngapi nimemtengea kikombe kwenye shughuli, akaniambia usijisumbue mwanangu, nina tangawizi yangu.

"Ulishawahi kuona moshi unatoka humo?"

Nikatafuta kwenye kumbukumbu zangu zote za msibani, za harusini, za kikao cha ujenzi wa kanisa. Sikuwahi kuuona moshi hata siku moja.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Mwezi wa pili wa sindano akaanza kuisahau mezani. Anafika mlangoni, anarudi kuichukua, anaitazama, anaiacha. Mie nikasema labda ana hasira na mimi. Mwezi wa tatu nikaimwaga, jamani waitu, sikuvumilia. Hakuuliza! Jioni ananiambia, Mama Praygod, sielewi, siku hizi hainiiti. Tangu hapo nina mume. Tunaongea. Anajua majina ya wajukuu zake bila kuwachanganya. Nikasema hawa watu wa kliniki wameweka kitu humo, wanajua wanachokifanya. Nikajua mmeshamwandika kwamba anakunywa."

Nikageuza macho kwenye kabati la majalada. Nilihisi uso unanichoma.

"Nyie mkikata, na hiyo kitu ikaanza kumuita tena? Yeye mwenyewe anaogopa, namuona, anahesabu siku kwenye kalenda. Hasemi. Na mie siwezi kumsemea, ni heshima yake. Nimekuja kwako tu, usimwambie."

Alipoondoka nilifungua jalada la Mzee Kamugisha. Mahojiano sita, na katika yote sita, mwandiko wangu mzuri uliosifiwa tangu shule ya msingi: Hatumii. Nikatoa majalada ya wazee wengine, wake kwa waume. Pamoja na lake yalikuwa ishirini na mawili. Yote yalisema hivyo hivyo, na hakuna hata mmoja niliyekuwa nimemuuliza. Kazi yetu nzima ilikuwa kutafuta dawa inagusa wapi mwilini pasipotarajiwa, na pale ilipogusa mimi nilikuwa nimepafunika kwa kalamu. Mbaya zaidi, mzee wa watu alikuwa anaelekea siku ya mwisho ya dawa bila mtu yeyote wa kumwandaa, kwa kuwa kwenye karatasi hakuwa na cha kuandaliwa.

Nitasema kweli, nilifikiria kunyamaza. Nina watoto wawili na kodi ya nyumba. Nikisema, nimejichongea mwenyewe kwamba nimejaza majibu ya kubuni. Na nikisema, siri ya mzee inatoka kupitia mimi, baada ya yote aliyomfanyia mama yangu. Siku nne nilizunguka na jambo hilo, nikawa nagombana na kila mtu, mpaka mwanangu mkubwa akaniuliza kama nafunga.

Jumamosi mchana nikaenda Kimara. Utaratibu wa utafiti hauruhusu kumfuata mtu nyumbani bila kibali, lakini mimi nilikuwa nimeshavunja kikubwa zaidi. Nilimkuta Mzee Kamugisha nyuma ya nyumba, ameinama, anafunga waya kwenye banda la kuku. Mwaka juzi mtu huyu alikuwa anafungiwa kamba za viatu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Shika hapa nikaze."

Nikashika waya. Labda mikono ikiwa na kazi mdomo unapata nafasi, sijui, maana hapo hapo nikasema, "Baba, nimekuja kukuomba msamaha. Kuna swali kwenye fomu sikukuuliza. Tangu siku ya kwanza. Nilijibu mwenyewe."

Hakuinua kichwa. "La pombe."

"Ndiyo, Baba."

"Mama Praygod alikuja kwako." Alikata waya kwa koleo, akavuta ndoo mbili, moja akanigeuzia mimi nikae.

"Siku ile ya kwanza, Bupe, nilikuja nimejiandaa," alisema. "Nilijua hospitalini huwa wanauliza. Sikulala vizuri kabla yake. Nikajiambia, kesho kuna mtu wa karatasi ataniuliza, nami nitasema, litakuwa limetoka. Kwa mchungaji siwezi, kwa watoto siwezi, lakini kwa fomu ninaweza. Nikaingia, nikakukuta ni wewe. Nikasema hata kama ni yeye, sawa, si ataniuliza? Ukafika pale. Nikaona umesoma kwa macho. Ukanitazama, ukatabasamu, ukaandika. Nikaiona kalamu inavyokwenda."

Akawa anaitazama koleo.

"Nikasema basi. Na hapa pia nimeshaheshimiwa."

Nililia. Sikulia kistaarabu, nililia mpaka kuku wakasogea. Nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu mwingine yeyote, na ninao watu wengi ninaowakasirikia. Kumbe mtu alikuwa amekuja mwenyewe, na miguu yake, amebeba mzigo wa miaka ishirini na sita, anatafuta pa kuutua, nami kwa adabu yangu nimemwonyesha mlango.

"Niulize sasa," akasema.

Nikajifuta uso kwa kanga. Sikuwa na fomu, nilikuwa na kijitabu cha shule cha mwanangu. Nikauliza kama lilivyoandikwa: kwa wiki, unakunywa pombe kiasi gani?

"Kabla ya sindano, chupa kubwa ya pombe kali siku mbili inaisha. Sasa hivi, hakuna. Tangu mwezi wa tatu wa dawa, hakuna."

"Na sindano zikiisha, Baba?"

"Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko kufa."

Nikaandika yote. Kisha nikamwomba ruhusa ya kumwambia Dokta Salsabil, kwa jina lake. Akasema nimwambie dokta, lakini kanisani hapana.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya Dokta Salsabil nikaeleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho, bila kujipamba. Chini walikuwa wanakata chuma, ikabidi nirudie baadhi ya sentensi kwa sauti kubwa, na hizo ndizo zilizokuwa mbaya.

"Wangapi?" akauliza.

"Ishirini na wawili."

"Ulijaza mwenyewe."

"Ndiyo, Dokta. Niliona si adabu kuwauliza."

"Bupe, hiyo siyo adabu. Umeniandikia uongo kwenye utafiti." Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza.

Alinisimamisha wiki tatu, akaiandikia kamati ya maadili, na majibu yote ya swali la ishirini na tisa kwa wazee wote yakafutwa. Nilistahili zaidi ya hapo. Lakini siku ile ile, kabla sijachukua pochi yangu, alimpigia simu Mzee Kamugisha mwenyewe. Nilimsikia anamwamkia, kisha anazungumza naye polepole, bila haraka yoyote, kwa nusu saa. Dawa hakuweza kumwongezea, kwa kuwa ya utafiti huisha siku iliyopangwa na madukani bei yake si ya karani mstaafu. Alichoweza ni kumtafutia mshauri wa watu wanaoacha pombe, na kumweka kwenye ufuatiliaji wa miezi sita baada ya sindano ya mwisho. Mzee alikubali vyote. Aliomba kimoja tu, kwamba simu ya kupiga akizidiwa iwe ya Bupe. Dokta alinitazama muda mrefu kabla ya kumjibu ndiyo.

Niliporudi kazini tuliwauliza upya wazee wote, safari hii kwa karatasi isiyo na jina la mwenyewe, namba tu, na bahasha ya kufunga kwa gundi. Asiyeona vizuri alisomewa nami, na nilisoma swali zima, neno kwa neno, huku nimemwangalia usoni. Tisa walikuwa wanywaji. Mmoja ni bibi wa miaka sabini aliyenijibu, "Mbona mmechelewa kuuliza?" Kati ya hao tisa, sita walisema hamu imepungua tangu waanze sindano na walidhani ni uzee.

"Kwa hiyo ni kweli dawa inaondoa kiu ya pombe?" nikamuuliza Dokta.

"Sita hawatuambii hilo. Wanatuambia tutengeneze utafiti mwingine, tuulize vizuri tangu siku ya kwanza." Akaniangalia juu ya miwani. "Maswali ya wazee utayaandika wewe. Unajua wanapokwama."

Wiki ya saba baada ya sindano ya mwisho ya Mzee Kamugisha, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ikaita.

"Bupe, imeanza kuniita," akasema. "Niko grosari ya bia, hapa Kimara, kwenye kona. Njoo kabla sijaagiza."

Sikumbuki nilimwambia nini Dokta. Nakumbuka nilishuka ngazi mbili mbili, nikapanda bodaboda, na Barabara ya Morogoro nzima nilikuwa namwombea mzee wangu na kumgombeza dereva. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, meza tupu, mikono ameiweka juu yake wazi. Amevaa shati la kwenda kanisani. Mhudumu alikuwa amesimama pembeni, amekunja uso, maana mteja wake alikaa muda wote huo bila kununua hata maji.

Nikakaa. Nikaona jasho kwenye paji lake la uso, nikaogopa.

Hapo ndipo mtu akasimama kwenye uwazi wa mlango. Alikuwa Gaudens, mwalimu wetu wa kwaya, ana mkate mkononi. Alitoka dukani jirani, akamuona mzee wa kanisa ndani ya grosari saa nne na nusu asubuhi.

"Shikamoo Mzee," akasema, macho yanazunguka kuanzia chupa za ukutani mpaka kwangu.

Na mimi, baada ya yote hayo, baada ya kamati ya maadili na wiki tatu za kukaa nyumbani, niliruka kama nilivyozoea. "Mzee ananisubiria mie, braza. Tuna ishu ya kliniki, tumeona tukutane tu hapa, si unajua pana kivuli..."

Mkono wa Mzee Kamugisha ulinigusa begani.

"Bupe," akasema taratibu, "usinijibie."

Kisha akamgeukia Gaudens. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini aliitoa yote, mhudumu akaisikia, na wanaume wawili wa meza ya nyuma wakaisikia.

"Marahaba. Gaudens, mie ni mlevi. Tangu wewe ukiwa mtoto. Nimeacha mwaka na nusu kwa msaada wa dawa, na dawa imeisha. Leo nimefika mpaka hapa kwenye kiti. Nimekaa karibu saa nzima sijaagiza, na kuinuka peke yangu sijaweza."

Magari ya nje, redio ya mhudumu, vyote viliendelea. Gaudens alisimama pale na mkate wake, na niliona jinsi uso unavyotafuta la kufanya, kwa kuwa hakuna aliyetufundisha la kufanya. Mimi nilishika ulimi wangu kwa nguvu zangu zote.

Akaweka mkate mezani. Akazunguka upande wa pili, akamshika mzee mkono chini ya kwapa, kama tunavyowashika wafiwa.

"Basi tuinuke, Baba," akasema. "Mie niko huku. Bupe, shika huko."